Kadi nyekundu ina jina la mtu mmoja

Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani, wenyeji waliowapokea na viongozi, Kirotshe

 

Tunajua tunazungumza na nani. Kati yetu wako waliotoka katika milima ya Masisi, wako waliotoka katika misitu ya Walikale, na wako wenyeji wa hapa kando ya Ziwa Kivu waliogawa nyumba, chumvi na mashamba yao na wageni. Wako waliohama mara moja, na wako waliohama mara tatu au nne. Vita vilipofika Sake mwaka 2024, wengi walikimbilia upande wa Goma. Kambi kubwa za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, wengi walibeba tena magodoro na sufuria zao wakaanza safari nyingine. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha taabu ni nini.

Leo tumechagua kuzungumza juu ya mpira. Msifikiri tumekosa jambo la maana. Katika mpira kuna swali moja ambalo ndilo linalotugawanya hapa kwetu kila wiki: mtu mmoja akikosa, nani alipe?

Tungeweza kutoa mfano wa ekipe za Goma, Dauphins Noirs au Virunga, ambazo baadhi yenu mmeziona kwa macho katika Uwanja wa Unité. Lakini tumechukua ekipe ya mbali kidogo, TP Mazembe ya Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na msimu wake wa mwaka 2010. Katika msimu huo mmoja tunaona njia mbili za kuadhibu kosa. Njia moja inajenga, nyingine inabomoa.

Ekipe iliyoshindwa kwanza

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto waliokuwa na shule mjini Lubumbashi, ulioitwa wakati ule Élisabethville. Ilichukua kombe la ekipe bingwa za Afrika mwaka 1967 na mwaka 1968. Halafu ikangoja miaka 41 kabla ya kulichukua tena, mwaka 2009.

Desemba mwaka huo ilikwenda Abu Dhabi kucheza kombe la dunia la ekipe bingwa. Ilifungwa mechi zote mbili: 2 kwa 1 na Pohang Steelers ya Korea Kusini, na 3 kwa 2 na Auckland City ya New Zealand. Ikamaliza nafasi ya sita, ikarudi nyumbani. Wazee wanasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mazembe ilikubali, ikaanza kujitayarisha upya.

Kapiteni anaadhibiwa

Kapiteni wa ekipe alikuwa Trésor Mputu. Alikuwa ametajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2009 kati ya wote wanaocheza ndani ya Afrika. Watoto wa Kongo nzima walitaka kuwa Mputu.

Mei 2010 Mazembe ilikuwa Kigali kwa Kombe la Kagame, ikicheza na APR ya Rwanda. Katika mechi hiyo Mputu alipandwa na hasira, akamwendea mwamuzi kwa ukali. Mwamuzi ndiye yule tunayemwita arbitri. Jambo hilo lilifika kwa FIFA, shirikisho la mpira la dunia. Agosti 2010 FIFA ikamfungia Mputu mwaka mmoja asicheze.

Tuangalie vizuri hukumu hiyo ilikuwa ya namna gani.

Kwanza, ilikuwa na jina. Aliyefungiwa ni mtu aliyetenda. Kaka yake hakufungiwa, wala kijana mwingine wa mtaa wake. Mazembe haikuondolewa katika kombe la Afrika kwa sababu kapiteni wake alikosa. Hakuna aliyesema, “Wakongomani wote ni wagomvi, wasicheze tena.”

Pili, ilikuwa na kipimo. Mwaka mmoja. Haikuwa siku mbili za kuchekesha watu, na haikuwa maisha yote.

Tatu, ilikuwa na mwisho. Mwaka ulipokwisha, Mputu alivaa tena jezi ya Mazembe na kucheza. Hakubaki nje ya uwanja akiitwa mkosaji mpaka uzee.

Lakini pia tusidanganyane: wenzake nao waliumia. Ekipe ilipoteza mtu wake bora katikati ya msimu, katika miezi iliyokuwa migumu kuliko yote. Mtu akikosa, familia yake hupata hasara hata kama haikuadhibiwa. Ndiyo maana kumkanya ndugu mapema ni kujilinda sisi wenyewe.

Wengine wakaendelea kucheza

Bila kapiteni wao, wachezaji wa Mazembe waliitoa JS Kabylie ya Algeria katika nusu ya mwisho ya kombe la Afrika. Tarehe 31 Oktoba 2010, mjini Lubumbashi, waliifunga Espérance ya Tunisia mabao 5 kwa 0. Tarehe 13 Novemba walitoka sare ya 1 kwa 1 nchini Tunisia, wakachukua kombe kwa mara ya pili mfululizo.

Desemba wakarudi Abu Dhabi, pale pale walipoaibika mwaka uliotangulia. Kocha wao, Lamine N’Diaye, alikuwa Msenegali. Pamoja na Wakongomani alikuwamo Mzambia, Given Singuluma. Tarehe 10 waliifunga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, bao la Mbenza Bedi. Tarehe 14 waliifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0, mabao ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Wengi wenu mnamkumbuka kipa Robert Kidiaba, aliyekaa chini na kurukaruka kwa makalio kila wenzake walipofunga. Watoto wa kila mahali walimwiga hata wakapasua kaptula zao.

Hivyo Mazembe ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika mechi ya mwisho ya kombe hilo. Kabla yake mechi hiyo ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini tu.

Tarehe 18 Desemba 2010 walicheza na Inter ya Milano, Italia. Walifungwa 3 kwa 0. Mabao mawili yaliingia kabla ya dakika ya 20, na la pili lilikuwa la Samuel Eto’o, Mwafrika mwenzetu wa Kamerun. Inter ilikuwa na nguvu zaidi siku hiyo. Hakuna fumbo ndani yake. Kuwa wa pili duniani si aibu.

Hasira inatafuta uso

Sasa tunafika kwenye njia ya pili.

Mwamuzi wa mechi hiyo ya mwisho alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Mechi ilipokwisha, baadhi ya washabiki mjini Lubumbashi waliingia barabarani kwa hasira. Walisema mwamuzi ndiye aliyewaonea. Mwamuzi alikuwa Abu Dhabi, ng’ambo ya bahari, hawakuweza kumfikia. Basi wakaelekea kwenye maduka ya Wachina waliokuwa wakifanya biashara mjini mwao, wakayashambulia na kuyapora. Mjapani si Mchina. Ni nchi mbili, lugha mbili, serikali mbili. Lakini kwa mtu mwenye hasira, sura zilifanana, na hiyo ilitosha.

Tafadhali tukae kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu ni rahisi kulicheka. Yule mwenye duka hakuwa uwanjani. Hakupiga filimbi. Labda jioni ile alikuwa akihesabu makuta yake au akipika chakula. Kosa lake lilikuwa uso wake. Na hata kama mwamuzi angekuwa Mchina kweli, mwenye duka angekuwa na hatia gani?

Tena, waliovunja maduka hawakuongeza bao hata moja. Matokeo yalibaki 3 kwa 0. Aliyepoteza mali hakupata jibu, na ekipe iliyokuwa imeliletea bara zima heshima ilichafuliwa jina na watu ambao hawakuwa wamecheza.

Hivyo katika msimu mmoja tuna hukumu mbili. Moja ilimtafuta mtu aliyetenda, ikampa adhabu yenye kipimo, halafu ikamrudisha kwa wenzake. Nyingine ilitafuta uso unaofanana, haikuwa na kipimo, na haikumaliza kitu.

Samaki mmoja akioza

Hapa kwetu tuna methali inayosema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki ndani ya kikapu ni kweli. Kwa watu, methali hii imetuchimbia makaburi mengi. Tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanzia Walikale na kuingia Masisi, mara ngapi kijiji kimechomwa kwa sababu ya kitendo cha watu wawili ambao hata hawakulala katika kijiji hicho? Mara ngapi mtu ameulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa jina lake?

Wala si katika mambo makubwa peke yake. Mama anakwenda shambani asubuhi anakuta sombe imechumwa usiku. Neno la kwanza linalotoka ni, “Wale wa kambi wametumaliza.” Kambini nako kuna bidoni iliyopotea kwenye robine, na neno la kwanza ni, “Wenyeji hawa wanatuchukia.” Kijana mmoja amelewa na kupiga mtu, na kabla ya saa sita mchana habari imegeuka: sasa ni kabila fulani lililopiga kabila fulani. Mwizi wa sombe ni mtu mmoja mwenye mikono miwili. Tukisema “wale wa kambi”, tumemficha mwizi mwenyewe katikati ya watu mia tano wasio na hatia, na yeye analala usingizi mzuri.

Wazee wetu, tuseme pia upande wa pili. Hukumu yenye jina inadai kitu kigumu kwetu: tusimfiche mtu wetu. Mazembe isingeweza kusema, “Mputu ni kapiteni wetu, basi hakukosa.” Kama kila upande unamfunika mtoto wake kwa sababu ni mtoto wake, upande wa pili utafanya nini? Utamshika yeyote utakayemwona njiani. Anayemficha mkosaji anawaweka ndugu zake wote mahali pa mkosaji.

Na wale wenye bunduki?

Tunajua swali mlilo nalo moyoni. Mpira una FIFA iliyo juu ya ekipe zote. Milimani kwetu, aliye juu mara nyingi ni yule mwenye bunduki. Jina lake tunalijua, lakini nani atamshika?

Hatuwezi kulinganisha mpira na damu. Lakini tukumbuke jambo moja lililotokea karibu na hapa, mwaka huo huo wa 2010. Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti, watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji vya jirani yake, katika Walikale, wakabaka mamia ya watu, wengi wao wanawake. Waliotendewa hayo walisema. Walisema tena. Miaka ilipita. Mwaka 2017 Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa wakubwa wa makundi yaliyohusika, alijisalimisha. Kesi yake ilianza Goma mwaka 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uhalifu wa kivita, pamoja na ubakaji na kuingiza watoto katika kundi lake.

Miaka kumi ni mirefu mno, na wako akina mama waliokufa kabla ya kusikia hukumu hiyo. Wengi wengine hawajasikia yoyote. Hata hivyo, angalieni mahakama ilihukumu nani. Ilimhukumu Sheka kwa jina lake, pamoja na wengine walioshitakiwa kwa majina yao. Haikuhukumu kabila lake, wala kijiji alichozaliwa. Kama wale akina mama wangeishia kusema “watu wa upande ule walitubaka”, hakuna mahakama ambayo ingeweza kufanya kazi.

Kwa hiyo makosa ya damu na ubakaji hayamalizwi chini ya mti kwa mbuzi na kreti ya bia. Hayo ni ya mahakama. Kazi ya wazee na kamati za amani ni kumlinda aliyeumizwa, kumsaidia afike hospitali haraka, kutunza siri yake, na kuzuia watu wasilipize kwa binamu wa mkosaji. Binamu si malipo.

Mambo manne tunayowaomba

Kwa makosa ya kila siku, yale ya sombe, robine, mbuzi na ngumi, tunawaomba mambo manne. Hayahitaji pesa wala gari.

La kwanza: tuulize jina. Mtu akileta mashitaka kwa nyumba kumi, kwa shefu au kwa kiongozi wa kambi, aulizwe, “Nani?” Akijibu kwa kutaja kabila au kambi, aambiwe kwa heshima arudi akatafute jina, au tumtafute pamoja. Kama jina halijulikani, tuseme wazi kwamba halijulikani. Tusijaze nafasi hiyo kwa kabila.

La pili: kila upande umlete mtu wake. Kijana wa kambini akishitakiwa, kiongozi wa kambi ndiye amlete. Kijana wa kijijini akishitakiwa, shefu wa kijiji ndiye amlete. Mkosaji akiletwa na watu wake mwenyewe, hakuna anayekwenda kumfuata usiku kwa mapanga.

La tatu: adhabu iwe na kipimo na mwisho, na aliyepoteza alipwe. Aliyeiba sombe alime shamba la yule mama siku fulani, zihesabiwe mbele ya pande zote mbili. Siku zikitimia, tuseme mbele ya watu kwamba zimetimia. Baada ya hapo asiitwe tena mwizi, wala watoto wake wasiitwe watoto wa mwizi. Jambo hili linawahusu hasa vijana waliotoka katika makundi yenye silaha na kurudi nyumbani bila kosa la damu juu yao. Kijana akiona hakuna mlango wa kurudi, atarudi kule msituni alikotoka.

La nne: tungoje kabla ya hasira kutembea. Habari mbaya ikifika, kiongozi asiseme neno kwenye mkutano wala kanisani wala msikitini mpaka awe amezungumza na kiongozi wa upande wa pili, uso kwa uso au kwa simu. Washabiki wa Lubumbashi wangelala usiku ule na kuamka, asubuhi hakuna ambaye angefikiri kwamba mwenye duka wa Kichina alifunga mabao matatu.

Vijana, tuna neno kwenu pia. Mkicheza mpira, msipange ekipe ya kambi dhidi ya ekipe ya kijiji, wala kabila dhidi ya kabila. Changanyeni wachezaji ndani ya kila ekipe, ili mtu akifunga, washangilie watu wa pande zote, na akipewa kadi nyekundu, wasikitike watu wa pande zote. Na mwamuzi akitoa kadi hiyo, toka uwanjani. Wenzako watacheza kumi. Ni vigumu, lakini ekipe ya watu kumi bado ni ekipe. Ekipe inayompiga mwamuzi haina mechi tena.

Mwaka 2015 Mazembe ilichukua tena kombe la Afrika. Safari hiyo walikuwamo Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Lubumbashi iliwashangilia wageni hao kwa Kiswahili, kwa kuwa kilikuwa chao pia. Mji ule ule uliokuwa umeona maduka ya wageni yakivunjwa uliweza kuwaita wageni wengine watoto wake. Watu hubadilika, na miji hubadilika.

Kabla hatujaachana, tunawaomba mkae kwa vikundi vidogo, wenyeji na wakimbizi pamoja, akina mama wakiwa na kikundi chao kama wanapenda, mzungumze juu ya maswali haya matatu. Ni kosa gani mwezi huu limesemwa kuwa la kabila zima au la kambi nzima, wakati lilikuwa la mtu mmoja? Nani kati yetu anaweza kumleta mtu huyo mezani bila vita? Na yuko nani aliyekwisha kulipa kosa lake, lakini bado tunamwita kwa kosa hilo?

Mtakapopata jibu la swali la tatu, nendeni mkamsalimu mtu huyo kwa jina alilopewa na mama yake.